Kabali ya Kola

Siku Kola alipozimika kwa kukabwa shingo mara ya pili maishani mwake, aliyemkaba alimwomba radhi.

Alifumbua macho akaona feni ya dari ikizunguka polepole, kisha uso mpana wa mwanamke umemwinamia, jasho likimdondoka puani. "Nisamehe, mwenzangu," uso ukasema. "Nilikuwa nangoja unipige mkono. Mbona hukunipiga mkono?" Kola akauliza kama mashati yameshapigwa pasi. Watu waliokaa ukutani wakaangua kicheko, na yule aliyemkaba, mama wa mapacha mwenye mabega ya mpagazi, akacheka kuliko wote huku machozi yakimlengalenga kwa hofu iliyokuwa inamtoka.

"Wote huamka na swali la kipuuzi," alisema mwalimu wao. "Mwaka jana kuna mzee mzima aliniita bibi."

Mara ya kwanza hakukuwa na kicheko. Ilikuwa jikoni kwao, miezi minane nyuma, na mikono ilikuwa ya kaka yake. Kola alikuwa amemwomba apunguze sauti ya redio. Ndilo kosa lote hilo, kama kuna msomaji anayetafuta kosa. Alipozinduka, shavu limelala kwenye sakafu ya saruji, aliona miguu ya kaka yake chini ya meza na kusikia kijiko kikigonga sahani. Jamaa alikuwa anakula. Mama yao alikuwa amemtilia binti yake kitambaa chini ya kichwa, akamnong'oneza asiinuke haraka, asije akamchokoza tena. Hapo ndipo maji yalipomfika Kola shingoni, na hapa wala sisemi kwa mafumbo.

Kola halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata kiwandani, ambako kwa miaka kumi na minane alishona kola za mashati na hakushona kitu kingine. Wengine walishona mikono, wengine mifuko, wengine matundu ya vifungo; shati lilipita kwa watu kumi na wanne kabla ya kuwa shati, na yeye alikuwa wa tisa. Vitabuni kola huitwa ukosi. Kiwandani ukisema ukosi watakuuliza umesoma mpaka wapi. Yeye aliijua kwa kuigusa tu: ipi ina kitambaa kigumu ndani, ipi imedanganywa kwa gundi, ipi itafumuka ikifuliwa mara tatu. Akipishana na mwanamume njiani, kabla hajamwona uso alikuwa ameshajua shingo yake ni inchi ngapi.

Mwalimu alikuwa mwanamke, askari magereza mstaafu, kimo cha mtoto wa shule, sauti ya lori linalopanda mlima, na kila mtu alimwita Afande. Alifundisha judo Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule, juu ya magodoro yaliyofunikwa turubai. Siku ya kwanza hakumuuliza Kola ana nguvu kiasi gani.

"Nani?" aliuliza.

Kola akajibu: "Kaka yangu."

"Mkubwa?"

"Kwa umri na kwa mwili. Anapakia magunia ghalani."

"Akikupiga huanzaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu huuliza kwa nini. "Huanza na kofi," alisema. "Halafu ananiangusha. Halafu ananikalia."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Kumbe huyo mtu ana mazoea," Afande alisema, kana kwamba ameletewa habari njema. "Wenzako hawa nitawafundisha kuangushana. Wewe umeshaangushwa. Tutaanzia hapo, umelala chali, na hutajifunza kitu kingine mpaka nikuambie. Kabali moja. Moja tu."

Mama wa mapacha akaitwa aje amkalie Kola tumboni. Alikuja akijiombea msamaha kwa uzito wake mapema. Afande akapiga magoti kando, akaushika mkono wa kulia wa Kola, akauvusha hadi kwenye kola ya koti zito la judo alilovaa mwenzake, upande wa kushoto, vidole vinne ndani, gumba nje, ndani kabisa mpaka nyuma ya sikio. Kisha mkono wa kushoto ukapita juu ya ule wa kwanza, ukashika upande wa pili. Mikono ikakaa kama mkasi. "Sasa mvute kifuani kwako na upanue viwiko. Hubani koromeo. Ukibana koromeo mtu atapigana nawe dakika nzima. Unabana mishipa hii miwili ya pembeni. Ikibanwa sawasawa, kichwa kinakosa damu, na ukihesabu mpaka nane amelala. Akishalala unaachia. Usipoachia, unaua. Sikutishi, nakueleza chombo ulichoshika."

Mara ya pili vidole vya Kola vilikwenda vyenyewe hadi nyuma ya sikio, bila kuelekezwa. Afande alimtazama. "Umewahi kufundishwa?"

"Ninashona," Kola alisema.

"Haya. Na sheria ya humu ni moja. Uliyemkaba akikupiga mkono mara mbili, pa, pa, au akisema basi, unaachia. Huulizi, hufikirii. Mkono uachie kabla ya akili."

Kola alikwenda nyumbani na neno hilo kichwani. Basi. Kwao lilikuwa limetumika mpaka limechakaa. Mama alilisema akiwa amesimama mlangoni, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale: basi, baba, basi, mwanangu, yameisha. Alimwita mwanawe baba hata siku aliyomvunja mkono. Na kaka hakuwahi kulisikia, au alilisikia likamchochea, Mungu ndiye ajuaye. Kwamba kulikuwa na chumba duniani ambamo mtu akisema basi anaachiwa, tena na mtu anayemzidi nguvu, lilikuwa jambo ambalo Kola alilazimika kulikalia kitako ili alielewe.

Huo mkono kaka aliuvunja katika mwezi wa tatu wa mazoezi, kwa sababu ya soksi. Soksi moja haikuonekana. Alimshika mama kiganja, akaupinda mkono mpaka wote watatu wakasikia mlio. Hospitali mama alisema ameanguka bafuni, na muuguzi akaandika bafuni bila kuinua macho.

"Mama," Kola alisema walipokuwa wakingoja plasta ikauke, "safari ijayo itakuwa shingo."

"Usimsemee kaka yako mabaya. Ana hasira tu. Zikipoa ni mtu mzuri."

"Na zisipopoa, nikukute wapi? Jikoni au bafuni?"

Mama aliugeuzia uso wake ukutani.

Jumamosi iliyofuata Kola alikaliwa kama kawaida, akaingiza mikono, akavuta. Pa, pa, ikamjia begani. Aliisikia. Akaendelea kuvuta. Aliyaona macho ya mama wa mapacha yakimtoka na kuiva wekundu, akasikia pa, pa, pa za haraka, na ndani ya kifua chake kitu kilichokuwa kimejikunja miaka mingi kikanyooka. Afande ndiye aliyemtoa, kwa kumkanyaga kiwiko.

Wakasimama barazani, wawili tu. Ndani mama wa mapacha alikuwa anakohoa.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kwa nini hukuachia?"

Kola angeweza kudanganya. "Ilikuwa tamu, Afande."

Yule mama mfupi hakushtuka. Alikuwa amekula sahani moja na wauaji kwa miaka thelathini. "Najua ni tamu," alisema. "Unadhani kaka yako anaramba nini?"

Akamfukuza kwa Jumamosi tatu. Katika wiki hizo Kola alikaa mbele ya cherehani akiitazama mikono yake kama ya kuazima. Tumbo moja limewazaa yeye na kaka, ziwa moja limewanyonyesha. Aliogopa, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamwogopa kaka. Aliporudi ukumbini alidhani hakuna atakayekubali kukaa naye. Mama wa mapacha akajitosa katikati ya magodoro, akajipiga paja. "Njoo nikukalie, muuaji wangu," akasema. Mwezi mzima Afande hakumfundisha kukaba tena, alimfundisha kuachia. Vuta, pa, pa, achia. Vuta, pa, pa, achia. Mara mia kwa asubuhi moja, mpaka ikafika mahali mtu akibisha mlango mara mbili kiwandani, vidole vya Kola vinadondosha kitambaa.

Likabaki tatizo la nguo. Siku moja walijaribu kwa shati la kawaida la dukani, likachanika kwenye hesabu ya tatu na Kola akabaki na kipande mkononi. "Huko kwenu anavaa nini?" Afande akauliza.

"Fulana."

"Fulana itavutika tu kama mpira. Mwombe Mungu akujie na koti."

Kola hakumwachia Mungu kazi aliyoiweza mwenyewe. Alinunua khaki nzito ya buluu, akabaki kiwandani kila siku wakati wenzake wanakula mchana, na safari hii alilishona shati zima. Kwenye kola alitia kitambaa kigumu mara mbili, akapiga mistari mitatu ya mshono mahali penye kustahili mmoja. Msimamizi alipita akaivuta, akaivuta tena.

"Kola, hili ni shati au hema?"

"La kaka yangu."

"Natamani ningekuwa na dada kama wewe."

Nyumbani kaka alilivaa hapohapo, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka ubavu huu na huu. "Leo umenikumbuka, mdogo wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. Jioni ile alifagia uwanja bila kuombwa. Akamrekebishia mama mguu wa meza. Wiki nzima alikuwa mtu mzuri, kama mama alivyokuwa akisema siku zote, na Kola akalala na kuamka na aibu, akatamani kuliiba lile shati alichome moto.

Jumapili saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya sebule, mama alikuwa anammiminia mwanawe chai kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado kwenye plasta. Birika likamlemea. Chai ikamwagikia shati.

"Shati langu," kaka alisema taratibu.

Shati ambalo Kola alilishona ili limwokoe mama ndilo lililokuja kumponza. Kofi lilimpata mama kabla hajaweka birika chini. Kisha kaka akamshika ule mkono wenye plasta, akauinua juu, mama akainuka nao mpaka akawa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu.

"Basi, baba," mama akasema. "Basi, mwanangu. Nitalifua."

"Kaka," Kola alisema. "Mwache."

Akageuka. "Unasemaje wewe?"

"Nimesema umwache."

Alimwacha. Akaja kwake kwa hatua mbili, na safari hii kofi lilikuwa ngumi. Kola alisikia jino likivunjika ndani ya kichwa chake kabla ya kusikia maumivu. Akaanguka. Akakaliwa. Mikono ile mikubwa iliyozoea magunia ikamshika shingo, magumba yakatafuta koromeo, na uso wa kaka yake ukamshukia karibu, mishipa ya paji imemtoka.

Mkono wa kulia ukavuka kwenda kushoto. Vidole vinne ndani, gumba nje. Aliigusa mistari yake mitatu, mmoja, wa pili, wa tatu, akaenda nayo mpaka nyuma ya sikio. Mkono wa kushoto ukapita juu. Akavuta, akapanua viwiko, akaanza kuhesabu. Kwenye mbili kaka alicheka. Kwenye nne kicheko kilikatika. Kwenye tano mikono yake ilitoka shingoni mwa Kola, ikaanza kumtwanga mbavu. Kwenye sita nguvu ikamwishia, kiganja kikamwangukia Kola begani. Pa. Pa.

Alikuwa anatapatapa tu. Hakuijua judo wala hakuwahi kumsikia Afande. Lakini mikono ya Kola haikuuliza. Ikafunguka.

Mtu asiyefunzwa asingefanya kosa hilo. Kaka alidondoka ubavuni, akakohoa, ute ukamning'inia mdomoni, akamtazama dada yake kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeng'atwa na kiatu chake. Kola alikuwa na nafasi ya pumzi mbili hivi. "Kimbia," mama akasema. Mlango ulikuwa wazi. Lakini angekimbia amwache na nani? Pumzi mbili zikaisha. Kaka akaokota kigoda, akamteremshia nacho ubavuni. Kitu kikavunjika, na hakikuwa kigoda. Akampiga tena, mguu wa kigoda ukaruka ukagonga kabati. Akakitupa. Akamkalia, kwa sababu ndivyo alivyozoea, akarudisha magumba palepale.

Mikono ikavuka. Kila alipovuta, ubavu ulimchoma kama umepigwa msumari, na alivuta. Damu ilikuwa imemjaa mdomoni akawa anaimeza. Moja. Mbili. Hakuna aliyecheka. Kwenye sita, pa, pa. Vidole vyake vikalegea nusu, Kola akavikunja tena. "La," alimwambia kaka yake. Pa, pa, pa. Saba. Macho yale yaliyofanana na yake yakapanda juu yakabaki meupe. Nane. Mwili wote ukawa mzito ghafla, paji la uso likamwangukia kifuani, na mkojo wa moto ukaenea mapajani mwake.

Amelala. Akishalala unaachia.

Tisa. Kola ilishikilia vizuri sana. Haikufumuka hata uzi mmoja. Kumi. Alifikiria soksi. Alifikiria sakafu ya jikoni na kijiko kilichokuwa kikigonga sahani. Ilikuwa tamu kuliko siku ile ukumbini, tamu mpaka alitaka kulia, na alijua anachokifanya, asije mtu akamsingizia baadaye kwamba hakujua. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Pa, pa.

Ilitoka pembeni. Kilikuwa kiganja chembamba, cha baridi, kimelowa chai. "Basi, mwanangu," mama alisema. "Basi." Alilisema kwa sauti ileile, ile ya mlangoni, ila miaka yote hii hakuwa amewahi kumwambia Kola.

Mikono ikaachia kabla ya akili.

Kaka hakupumua. Wanawake wawili walimsukuma kwa mikono mitatu, wakamlaza ubavu kama Afande alivyofundisha, wakangoja. Nje jirani alikuwa anatwanga kitu. Mama hakulia wala hakuomba, alimtazama tu mwanawe mdomo, na Kola akajiona ameshakuwa yule muuaji, muuaji hasa, na kwamba hakuna wa kumfukuza Jumamosi tatu. Kisha kaka akakoroma. Mkoromo mmoja mrefu, wa pili, na kifua kikaanza kazi.

Alifumbua macho. "Mama," alisema, na ilikuwa sauti ambayo Kola hakuwa ameisikia tangu wakiwa wadogo, "leo kuna shule?"

"Hakuna," mama akamjibu.

Akaridhika na jibu hilo kwa muda. Halafu akaishika shingo yake. Akaona suruali iliyolowa, akaona kigoda, akamwona dada yake ameketi kwenye sakafu na damu imemfika kidevuni, mikono yake imelala mapajani, vidole vimekunjika. Akaitazama ile mikono. Alijiburura nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akainuka kwa kuushika ukuta, akatoka peku. Walisikia lango la nje likigonga.

Mama alisimama akalifunga komeo la mlango. Lilikuwa limeshika kutu kwa kutotumika, ikabidi alisukume kwa bega. Akarudi akaketi chini karibu na Kola, magoti yakamlia, akamfuta mdomo kwa upindo wa nguo yake. Alimfuta kwa muda mrefu kuliko damu ilivyohitaji.

"Tutakwenda hospitali," Kola alisema. "Na leo tutasema nani."

"Tutasema." Mama alikunja ule upindo. "Atarudi lakini."

"Atarudi."

Mama akautazama mkono wake wenye plasta, akaugeuza huku na huku. "Hii wanaitoa Jumatano," alisema. Kisha akaupeleka mkono mzima kwenye shingo ya binti yake, ukasita. "Ulimshika wapi?"

Kola alimtazama. Akakishika kile kiganja, akakiingiza ndani ya kola ya blauzi yake mwenyewe. "Hapa. Vidole vinne ndani. Gumba nje. Ingia zaidi, Mama, mpaka nyuma ya sikio."

Vidole vikaingia, vikatulia juu ya mshipa.

"Na akisema basi?" mama akauliza.

Nje kutwanga kulikuwa kumekoma. Kola alifungua mdomo ajibu, na jino lililovunjika likamkata ulimi. Mama yake alikuwa bado ameishika kola, anangoja aambiwe.